Leseni ya Mzee Mcha na Muhogo wa Mjini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa nyuma ya meza ya serikali, shati langu jeupe limenyooka kwa pasi ya makaa ya mama yangu, Bi Saada. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Mimi nina umri wa miaka ishirini na tatu, mkaguzi katika ofisi ya leseni za magari hapa mjini Unguja. Kazi yangu ilikuwa kuwajaribu madereva na kuyakagua magari. Usinicheke nikikwambia kwamba nilikuwa nikiubeba muhuri wa ofisi mfukoni hata nikienda kunywa chai.

Madereva wa malori wakati ule walikuwa wachache. Wengine walishavuka Dar es Salaam kutafuta maisha, wengine walichukuliwa kuendesha magari ya serikali, na waliobaki shamba wengi wao walikuwa watu wazima sana. Hapo likatoka agizo: kila dereva wa lori la mizigo apimwe upya, na asiyeona vizuri asishike usukani. Lilikuwa agizo zuri. Nalisema hilo mapema ili usije ukafikiri nalilaumu. Malori mengine ya siku zile yalikuwa yakifika mjini kwa dua tu.

Asubuhi hiyo akaingia Mzee Mcha wa Makunduchi, kijiji cha kusini ya kisiwa. Huyu alikuwa akileta mjini muhogo, viazi vitamu na maboga ya watu wa kwao, mara tatu kila wiki, tangu mimi sijaanza chuo cha Kurani. Alifuatana na utingo wake, Simai, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wanne, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia na kushusha magunia.

Nikautundika ubao wa herufi ukutani. Mzee Mcha akaziba jicho la kushoto, akasoma bila taabu. Akaziba la kulia, akanyamaza.

"Soma, mzee."

"Naona ukuta, mwanangu."

Watu waliokuwa wakingoja zamu zao wakacheka. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikacheka nao. Nikamwambia, "Basi kalee wajukuu, babu. Gari haliendeshwi kwa kupapasa." Nikaichukua leseni yake, nikaipiga muhuri mwekundu, nikaitia kwenye mtoto wa meza.

Mzee hakukasirika. Alikunja leso yake polepole akaitia mfukoni. "Jicho langu bovu, sikatai," alisema. "Lakini kule kwetu hakuna dereva mwengine mwenye leseni. Muhogo wa watu utakuja mjini na nani?"

"Hilo si langu, mzee," nikamjibu. "Haya, anayefuata!"

Simai akabaki nyuma. Akaniomba fomu, na yeye apimwe. Aliniambia kuwa gari lile analijua, mzee amemfundisha miaka mingi kwenye viwanja vya kwao. Nikampa fomu, nikamwambia alete picha na barua ya tawi la chama la kijijini kwake. Wiki ya pili akaja, lakini kwenye picha amevaa kofia, nikamrudisha. Akaja tena na picha nyengine, safari hii barua haina muhuri, nikamrudisha. Mara ya tatu kila kitu kilikuwa sawa, ila alinikuta nnakwenda kunywa chai, nikamwambia aje Jumatatu. Hakuja tena. Kutoka Makunduchi mpaka mjini si mwendo wa kwenda na kurudi kwa mchezo, na yeye sasa alikuwa anakuja kwa kubanana ndani ya basi, maana lori lao limesimama. Sikumchukia yule mtu. Sikumfikiria tu.

Sasa nikupeleke nyumbani kwetu Malindi. Mama yangu alikuwa mjane, na riziki yake ilikuwa sufuria moja kubwa ya muhogo wa nazi. Aliupika alfajiri, na asubuhi akawauzia hamali, wale wachukuzi wa bandarini. Miaka ile mchele ulikuwa wa shida, kwa hiyo kipande cha muhogo cha Bi Saada ndicho kilichowashika tumbo mpaka adhuhuri. Nikaanza kuona vile vipande vinapungua. Kwanza kidogo, halafu vikawa vya kuonea haya. Hamali mmoja alikitazama kipande chake kwenye kiganja, akamtazama mama, akaondoka. Mama aliingia ndani akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Muhogo umepanda," akanambia. "Kila nikienda Marikiti fungu limekuwa dogo na bei imekuwa kubwa. Wale wauzaji hawana huruma."

Nikapandwa na hasira. Siku ya pili nikafuatana naye hadi Marikiti, pale Darajani, na shati langu jeupe, na muhuri wangu mfukoni. Mama alinunua muhogo kwa Bi Mize, mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa akiuza mazao ya dada yake. Mbele yake palikuwa na mafungu manne tu, membamba.

"Wewe mama ni mlanguzi," nilimwambia kwa sauti ya kusikika. "Umeuficha wapi muhogo? Unataka watu wafe njaa ndipo uutoe?"

Wanunuzi wakageuka. Bi Mize alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

"Niufiche wapi, mwanangu? Chini ya kanga? Muhogo huu nimeupakata ndani ya basi tangu kwetu, gunia moja, na nauli ya gunia nimelipa kama ya mtu. Zamani ulikuwa ukija lori zima. Dereva wetu kanyang'anywa leseni na kijana mmoja huko ofisini, na utingo wake anazungushwa na kijana huyohuyo. Mkamateni yeye mumuulize ameuficha wapi."

Hakujua kama ni mimi. Mama yangu alihisi. Niliona mkono wake ukikaza kwenye kikapu. Alilipa, akamuaga Bi Mize kwa adabu, tukarudi. Tulipofika akaweka kikapu chini, ndipo akaniuliza.

"Suleiman, kijana huyo ni wewe?"

"Mama, yule mzee jicho moja halioni."

"Sikukuuliza habari ya jicho."

"Ni mimi, mama."

Akavuta pumzi. "Kumzuia mtu asiyeona umefanya vyema, sitakulaumu kwa hilo. Lakini baada ya kumzuia ulifanya nini? Ulikaa hata dakika moja ukafikiri watu watakula nini? Mimi nimewapunguzia hamali, wao wamenichukia. Mimi nimemchukia Bi Mize, na wewe umemtukana mbele ya watu. Na muda wote huo, aliyelifunga jambo analala nyumbani kwangu."

Mwanangu, nimepigwa na maisha mara nyingi, lakini maneno yale ya mama sijayasahau.

Jumapili nikapanda basi kwenda Makunduchi. Na nikukiri jambo ambalo sikumwambia mama: niliitoa ile leseni ofisini bila ya ruhusa, nikaitia mfukoni. Niliazimia kumrudishia mzee kimyakimya, yaishe.

Niliposhuka, kitu cha kwanza nilichokiona ni chungu ya muhogo kando ya njia, chini ya makuti, imeoza. Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Siku ya tatu unapiga weusi ndani. Pembeni amekaa Bi Tatu, dada yake Bi Mize, mjane kama mama yangu, anachambua makopa, ule muhogo wa kukatwa na kukaushwa. Alijaribu kuokoa alichoweza, lakini mvua ilimuwahi, yakafanya ukungu. Alikuwa akitenga mazuri na mabaya, na mabaya yalikuwa mengi zaidi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," bila ya kuinua uso. Sikuthubutu kumwambia mimi ni nani.

Nikaulizia nyumba ya Mzee Mcha, nikapiga hodi, naye akanitambua kwa sauti. Hakunifokea. Alinikaribisha jamvini, akaniuliza nimekula au sijala, akaletwa boga la nazi na samaki. Nilikula kwa aibu. Nilipomaliza nikaitoa leseni, nikaiweka mbele yake. Nikamwambia, "Chukua, mzee. Endesha. Mimi nitanyamaza."

Aliipapasa kwa kidole, kisha akanisogezea.

"Jana nimemimina chai pembeni ya kikombe, nikidhani ndani," alisema. "Njia ile asubuhi wanapita watoto wa chuoni. Nikimgonga mtoto wa watu, karatasi hii itanisaidia nini? Wewe ulisema kweli kuwa sioni. Ila ungenambia pembeni. Watu wale walionicheka, mimi nimewabebea chakula miaka yote."

Nikashindwa kumtazama. Nikamwomba radhi. Akanishika bega. "Nimekusamehe tangu siku ileile. Lakini kama unataka kufanya la maana, kamwone Simai haraka. Kesho anavuka Dar es Salaam. Kaambiwa huko madereva wanatafutwa."

Nilikwenda mbio. Nilimkuta Simai anafunga nguo zake ndani ya shuka, mkewe amekaa mlangoni na mtoto mapajani.

"Mara tatu nimekuja," aliniambia bila kunikaribisha. "Mara ya tatu kila kitu kimetimia, na wewe unakwenda kunywa chai. Mimi siku ile nilikuwa sijala tangu jana yake."

"Nimekukosea, Simai," nilimwambia. "Usiondoke. Nipe wiki moja."

Alimtazama mkewe kwanza. Kisha akasema, "Nnakupa wiki moja. Ya pili hunikuti."

Jumatatu nikaingia kwa mkuu wangu wa kazi. Nikamweleza yote, pamoja na ile leseni niliyoitoa, nikairudisha mezani kwake. Alinigombeza sana, na barua ya onyo ikatiwa kwenye faili langu. Ilibaki humo hadi nilipostaafu. Alipotulia nikamwomba kitu kimoja: niruhusiwe kuuchukua ubao wa herufi, siku moja kila wiki, nikawapime watu shamba kulekule, badala ya wao kuja kupanga foleni mjini.

"Kwa gari gani?" akauliza. "Huna gari."

"Kwa basi, bwana."

"Agizo linataka wapimwe," akasema. "Halikusema wapimwe wapi. Nenda. Lakini ukimpitisha mtu asiyefaa, usirudi hapa."

Alhamisi ile nilishuka Makunduchi na ubao kwapani. Kijiji kizima kilitoka. Simai alisoma herufi zote kwa macho yote mawili. Nikamwambia alirudishe lori nyuma, lipite baina ya majabali mawili. Mara ya kwanza aliligusa moja, watu wakashusha pumzi. Mzee Mcha alikaa pembeni yake ndani ya gari. Sikumpendelea, nilimwambia arudie. Safari ya pili lori lilipita, likasimama pale nilipotaka. Nilipoipiga muhuri fomu yake, mkewe alipiga kigelegele, na mimi nilijikuta nafuta macho.

Wiki ile ile muhogo ukaanza kuonekana tena Marikiti. Nisikudanganye, bei haikushuka siku moja, wala haikurudi yote ilipokuwa. Mipira ya gari na petroli navyo vilikuwa na shida zake. Lakini fungu lilinenepa, na vipande vya mama vikawa vya kushika kwa mikono miwili. Nilikwenda kwa Bi Mize nikamwomba radhi palepale sokoni, kwa sauti ileile niliyomtukania. Akacheka, akasema kumbe nina adabu, nimeichelewesha tu.

Bi Tatu ni habari nyengine. Yeye zao lake lilishaoza, na msimu ule hakuwa na nguvu ya kupanda tena. Kila nilipokwenda Makunduchi nilimwamkia, naye aliniitikia kisha akapita. Hakuwahi kusimama kuzungumza nami hadi alipofariki. Sikumlaumu, wala wewe usimlaumu.

Basi, mwanangu, nasikia na wewe umepata kazi, na kwamba watu wataanza kuja mbele yako na karatasi zao. Simamia sheria, usimwogope mtu. Ila ukimwambia mtu "haiwezekani," jiulize na inayowezekana, na kama unaijua, inuka umwonyeshe. Anayesimama mbele yako nyuma yake wapo watu usiowaona: mwenye shamba, mwenye genge, mama mwenye sufuria, na yule anayengoja kipande chake cha asubuhi. Ukimchelewesha mmoja, wote hao wanalipa, na wanalaumiana wao kwa wao kwa sababu hawakujui. Mtu akiwa na kasoro, mwambie faraghani. Na ukikosea, mwombe radhi palepale ulipomkosea, hata kama wapo ambao hawatakusamehe.

Mwenyezi Mungu akupe kazi yenye baraka na ulimi wenye huruma. Akujaalie watu watoke mlangoni kwako wakikuombea kheri, na nyumba yako isikose chakula, wala ya jirani yako. Amin.