Kijana Aliyegoma Kula

"Mwimbo wa marehemu mama yangu, leo ndio mnaomwingizia mbuzi ukumbini?" Ruqaya alikuwa kasimama mlangoni mwa duka la Theopista, kaziba njia ya wateja. "Na chetezo changu cha udi ulichokivunja siku ya Idi hujanilipa."

Theopista aliendelea kukunja vitenge. "Si mbuzi, shoga. Ndafu. Anachomwa mzima, ndiyo keki yetu Wachaga. Na mwimbo kauchagua mwanangu Vicky, kautoa kwenye simu yake. Bibi harusi mtarajiwa nimkatalie?"

Ruqaya anauza udi na marashi duka la pili, na kwa kisirani Kariakoo nzima imemnyooshea mikono. Ila hapa alikuwa na hoja. Mwimbo wenyewe ni wa Kiarabu, wa kijana aliyependa mpaka akagoma kula. Mama yake Ruqaya aliuimba jikoni Mchafukoge, sambusa zikikaangika kwenye mafuta, hadi alipofariki. Sasa vijana wa bongo fleva wameutia Kiswahili na kishindo, unalia mpaka kwenye bajaji.

"Mtu kagoma kula," alisema, "nyie mnamletea nyama."

Akaapa kwamba kwenye sendofu ya Vicky, sherehe ya kumuaga, haendi. Jumamosi akaenda, aone tu wameuharibu kiasi gani, kajifukiza udi mpaka mlinzi akapiga chafya.

Ndafu akaingia kasimama wima juu ya meza ya magurudumu, majani mdomoni, kama mgombea udiwani. Mwimbo ukalia. Mstari wa tatu, pale mama yake alipokuwa akiivuta sauti hadi mtu unasahau kupumua, vijana wameukata. Machozi yakamlenga Ruqaya.

Mara ikasikika sauti nyembamba kutoka meza ya mbele. Bibi Josepha, mama yake Theopista, aliyeletwa jana yake kutoka Kibosho, alikuwa anauimba kwa Kichaga. Na mstari wa tatu akauvuta. Palepale.

Ruqaya akamwendea, akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Huu umeutoa wapi?"

"Marahaba. Moshi mjini, kwa mke wa Mwarabu niliyekuwa nampelekea maziwa. Ila kwetu yule kijana mwishoni anakula. Angekufa bure."

Ruqaya akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Wakauimba wote wawili, huyu Kiarabu, yule Kichaga, emsii akazima spika kwa kukosa la kufanya.

Theopista akaja na kipande cha ndafu kwenye kijiti. "Kula, ni halali. Kachinja Muaz, mumeo. Hakukwambia?"

"Atanikuta nyumbani." Akatafuna taratibu, akanyoosha mkono kwa kipande kingine. "Na kile chetezo, mama Vicky, kiache. Kilikuwa na ufa tangu zamani."