Mkalimani wa sinema aliyekataa kutamka kifo

Saa nane kasoro robo mchana, Jumapili, na Nyamweya bado hajapata pa kuketi. Amesimama nyuma ya ukumbi wa sinema mjini Kisii, mgongo ukutani, anakunywa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi. Koo linamwasha tangu juzi. Ndani, watu wanagombania mabenchi ya mbele, yale ya shilingi moja.

Milango inapofungwa, anapanda juu ya kreti ya soda iliyowekwa kando ya pazia. Picha inaanza kwa Kihindi, naye anaanza kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Mzee akinena, sauti ya Nyamweya inazama. Binti akilalama, inapanda. Hatashuka kwa saa tatu. Nyimbo tu ndizo asizozifasiri.

"Wimbo ni wimbo," anasema. "Hapo ndipo ninapopumua."

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Kihindi alikiokota akiwa kijana, alipokuwa akishusha magunia ya mahindi katika duka la marehemu baba wa Rasiklal, mwenye ukumbi. Mwaka 1963 Rasiklal alifungua ukumbi huu, akaona watu wa vijijini wanakuja mara moja na hawarudi. Walikuwa wakiona midomo ikicheza, basi. Ndipo akamwita Nyamweya.

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, hutembea kutoka kijijini kwake Keumbu mwendo wa saa mbili na nusu, na jioni hurudi kwa miguu ileile. Hulipwa shilingi kumi kwa onyesho.

Kazi yenyewe haiishii ukumbini. Jumatatu, kwenye kituo cha kununulia chai, waliokwenda huwasimulia wasiokwenda, na foleni ya vikapu hugeuka baraza. Huyu atasema jambazi alikuwa mjinga, angepitia mtoni. Yule atasema mama mkwe alionewa bure. Bonareri, mkulima jirani, aliwahi kuapa kwamba hatakanyaga tena ukumbini.

"Mtu anaoa kwa nyimbo tupu?" aliuliza. "Ng'ombe wako wapi?"

Alimtazama Nyamweya kana kwamba yeye ndiye aliyekula mahari. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la mbele.

Nyamweya huyasikiliza hayo yote kikapu kikiwa mgongoni, akijibu kwa kifupi. "Wakigombana, najua walielewa," anasema. "Wakinyamaza, najua nilifasiri vibaya."

Mara moja tu alifasiri vibaya kwa kusudi.

Mwaka 1972 mkewe, Kemuma, aliumwa kifua kwa miezi minne, akafariki na kumwachia mabinti watatu. Wiki sita baada ya mazishi, Rasiklal alituma ujumbe kwamba picha mpya imewasili na hakuna mwingine wa kuifasiri. Nyamweya akaenda. Picha yenyewe hakuwa ameiona.

Ilikuwa habari ya mwendesha mkokoteni na mkewe. Katikati ya picha mke akaanza kukohoa. Daktari akaja, akamshika mkono, kisha akavuta shuka na kumfunika uso. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mkalimani.

"Amelala," Nyamweya akasema. "Daktari anasema aachwe apumzike."

Ukaja moto, kuni zimepangwa, watu wamevaa nyeupe. Akasema majirani wanaota moto kwa sababu ya baridi. Mume akalia. Akasema anamlilia kwa kumkosa, maana amepelekwa kwao akapate nguvu. Aliendelea hivyo mpaka mwisho, jasho likimtiririka, mke wa yule mtu akiendelea kupumzika kwao.

"Neno lilifika hapa," anasema akijigusa koo, "likakataa kutoka."

Jumatatu kituoni hapakukalika. Bonareri alitaka kujua ni ukwe gani huo, mke yuko kwao na mume hapeleki hata mguu kumtazama. Machogu, aliyepakana na Nyamweya shamba kwa shamba, akamkatiza.

"Amesema amelala, basi amelala. Wewe unajua Kihindi?"

Nyamweya alipimiwa majani yake, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Lakini Chandrakala, mke wa Rasiklal, husikia lugha zote mbili. Yeye hukata tiketi dirishani, na miaka mingi ya kuuza dukani imemfunza Ekegusii. Katikati ya wiki, Nyamweya alipopita mjini, alimwita kando.

"Nyamweya, yule mama amekufa. Kwa nini umesema amelala?"

"Siku ile sikuweza, Mama."

Chandrakala alirudi kwenye kazi yake. Mumewe alipoambiwa, hakuridhika. Alisema watu wametoa pesa yao wapewe habari kama ilivyo. Jumapili ijayo Nyamweya awaambie ukweli, la sivyo atafutwe mtu mwingine.

Jumapili ikafika. Kabla taa hazijazimwa, Nyamweya alipanda kreti, akasema kwa Ekegusii kwamba mke wa yule mwendesha mkokoteni hakulala. Alikufa. Moto ule ulikuwa wa mazishi yake. Akaomba radhi.

Anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu Kemuma azikwe. Kwa wageni wa msiba alikuwa akisema tu kwamba ametutoka.

Machogu akasimama kutoka benchi la tatu, kofia mkononi.

"Baba Nyanchera," akamwita kwa jina la binti yake mkubwa, "tulijua. Tunaishi jirani na Wahindi, moto ule tunaufahamu. Tuliona kinywa chako kimelikataa lile neno, tukasema tusikulazimishe."

"Hata mimi nilijua," Bonareri akasema kutoka mbele. "Ila katika hadithi yako nilitaka mume aende akamtazame."

Nyamweya aliomba maji. Alipoyamaliza, picha ya siku hiyo ikaanza, naye akaifasiri yote.

Miaka miwili imepita. Siku hizi sauti humkatika kabla ya nusu ya pili, na magoti hayataki tena kreti. Mganga wa zahanati amemwambia apumzishe koo. Rasiklal amekubali atafute mwingine mwisho wa mwaka, ingawa mpaka sasa hajapatikana anayejua lugha zote mbili na asiyeona haya kulia kwa sauti ya mwanamke mbele ya watu mia tatu.

Nyamweya hana mpango mkubwa. Atachuma chai yake. Jumapili atakwenda mjini taratibu, bila haraka ya saa nane.

"Nitatoa shilingi yangu kama wengine, niketi karibu na Machogu," anasema. "Aseme mtu mwingine ni nani aliyekufa. Mimi nitalia tu."