Kope Zilizoungua

Jiko la gesi lilikuwa jipya, na mie nilizoea mkaa. Niliifungua gesi, nikaenda chumbani kutafuta kibiriti, nikarudi bila haraka, nikainama na kukiwasha. Moto ulinirukia usoni mara moja, kisha ukatulia juu ya jiko kama haukufanya kitu. Ngozi haikuungua, alhamdulillahi. Zilizokwenda ni kope na nusu ya nyusi, na jiko zima likanuka kichwa cha mbuzi kilichobabuliwa.

Mume wangu aliporudi kazini alikula, akasifu mchuzi, akauliza kama gesi inapika haraka. Nikamwambia inapika haraka sana. Nilimkazia macho ili aone mwenyewe, naye akanisogezea bakuli la pilipili.

Tulikuwa mwanzo wa Shaabani, na mdogo wangu alikuwa aolewe Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nyumbani kwetu Kengeja. Rafiki yangu anayepamba maharusi hapa Tibirinzi alisema nisijitie wasiwasi, atanibandika kope za dukani. Nikamwambia harusi yetu ni ya kutwa, sala zitanikuta humo humo, na gundi haipitishi maji ya udhu. Akafikiri, akasema basi nioteshe zangu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mkwe aliapa kwa maji ya kitunguu, maana yalimwotesha nywele binamu yake mwenye upara. Nilichovya pamba, nikajipaka pembezoni mwa jicho kwa uangalifu mkubwa, kisha nikalia mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani kafa. Ndipo aliponitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moto.

"Mbona macho yako yamekuwa kama ya samaki changu?" akauliza.

Nilimwambia ni kitunguu, na sikusema naye tena mpaka magharibi.

Baada ya hapo nikashika mafuta ya mbarika aliyonipa jirani. Ni mazito kama asali, na nikijipaka asubuhi dunia yote huwa na ukungu. Siku moja nilitoka uani nikaiamkia kwa heshima kanzu iliyoanikwa, nikidhani ni baba mkwe, nikasimama nikingoja kuitikiwa. Baba mkwe mwenyewe alikuwa kibarazani nyuma yangu. Aliitikia marahaba kwa niaba ya kanzu, akaendelea kunywa kahawa yake.

Sijui kama ni mbarika au ni Mungu tu, lakini Ramadhani ilipokwisha nilikuwa na kope, nyingi na ndefu kuliko nilizozaliwa nazo. Siku ya harusi nikazipaka wanja kidogo. Tulipokuwa tukijitayarisha kwa sala ya adhuhuri, shangazi yangu mkubwa, ambaye hakuna anayembishia katika ukoo wetu, alinishika kidevu.

"Mwanangu, zibandue hizo, ukatie udhu."

"Ni zangu, Shangazi. Nimeziotesha kwa mafuta ya mbarika."

"Zako nazijua tangu ulipozaliwa. Hukuwa na kope wewe."

Akavuta. Machozi yalinitoka mbele ya wageni, na yeye akabaki na kope kadhaa vidoleni, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha kutafuta gundi. Alipoikosa alinirudishia kiganjani, akaniambia nitangulie msalani kutia udhu.

Wakati wa biriani alikuja kuketi karibu nami na kuuliza, huku akitazama kwengine, kama mafuta yangu yamebaki. Nilipofika nyumbani nikampelekea chupa kwa gari ya abiria iendayo Kengeja.

Nilipokwenda kumtembelea wiki chache baadaye alinikalisha mlangoni penye mwanga, akavua miwani na kunielekezea uso.

"Sema kweli," akaniambia.

Kope zake zilikuwa zile zile chache, za mwanamke aliyeona wajukuu wake wakioa. Nikamwambia zimeanza kuchipua, hasa za upande wa kulia. Akavaa miwani yake, akaingia ndani kuniletea chai, na nilimsikia akimwambia mtu huko jikoni kwamba jicho la kulia ndilo linaloongoza.