Ini la Mji wa Kale

Habari za msiba zilimkuta Abdulbasit mbele ya karani wa picha za hospitali, akingoja picha za ini la babake zitumwe kwa bingwa wa India. Dadake alipiga simu kutoka wodini. "Baba ametangulia," akasema. Karani hakusikia. Alikuwa akipuliza kompyuta yake kama anayepoza kahawa, kama afanyavyo kwa kila mgonjwa. Kabla ya kutuma picha hufuta jina, maana siri ya mgonjwa ni amana, kisha huandika kiungo na mtaa. Foleni nzima aliijua hivyo hivyo. "Figo la Makadara, kaa hapo. Mapafu ya Feri, hiyo sigara si dawa." Na watu wazima na ndevu zao walikuwa wakiitika. "Ini la Mji wa Kale, picha zimefika India, bwana," akasema kwa majivuno. "Mwenyewe hayuko tena," Abdulbasit akamjibu. Karani akavua miwani.

Alasiri alikuja makaburini na kanzu iliyojikunja, akamvuta Abdulbasit kando. "Nipe jina la mzee. Nililifuta mwenyewe, na siwezi kumuombea Ini la Mji wa Kale." Abdulbasit alicheka, hata ami yake akamkodolea macho. "Abdulkadir bin Ziad," akasema. Karani akalirudia polepole, akafungua viganja. Wakamlaza mzee kwa ubavu wa kulia, uso kibla, wakamfukia, wakamuombea dua, wakarudi nyumbani.