Kamba ya Mafundo Thelathini na Nane

Maji ya Newala yako chini, watu tuko juu. Enzi za Mwingereza ulishuka bondeni na kibuyu chako, ukakuta foleni, ukasubiri chemchemi ijae tena, ukapanda mlima na jua utosini. Wanawake wazima walisinzia au walisengenya. Sisi wasichana wa upande wa Mkunya tulikuwa na ligi yetu.

Ililetwa na dada zetu waliosoma misheni kule Masasi, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Huko walimu wa Kizungu waliwafundisha kupiga mpira kwa kigongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Sisi mpira hatukuwa nao, na nani akimbie kwenye mteremko ule na kiu kooni? Tulichora uwanja chini, vishimo vinne kwenye pembe, na mchezaji wa kila mmoja alikuwa korosho moja mbichi. Unarusha vipande vinne vya kibuyu kilichovunjika. Vilivyolala tumbo juu ndivyo vituo utakavyopita. Vyote vinne vikilala tumbo juu, korosho yako imezunguka uwanja mzima kwa pigo moja, na mtunza kamba anakufungia fundo.

Kila mchezaji alikuwa na kamba yake ya gome la mti. Korosho ikioza unachukua nyingine, lakini kamba ni ile ile, kwa jina lile lile la msichana mwenye korosho. Tuliwabishania kama watu: huyu mwepesi wakati wa mvua, yule akitazamwa sana anaharibu, yule tangu apasuke ganda si yule tena. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini niulize hata leo fundo gani lilikuwa la nani, nitakujibu bila kukuna kichwa.

Msichana akienda unyago, kamba yake inakoma. Kwetu jina la utoto unaliacha huko huko unyagoni, unatoka na jipya. Mtu akikuita la zamani amekutukana. Ukilitamka mwenyewe, umemvua nguo kungwi aliyekufunda. Kamba nayo ilikuwa ya jina, si ya mwili. Basi ilifungwa kitanzi mwishoni, ikatundikwa jikoni kwa mtunza kamba, na mwenyewe akirudi anaanza kamba mpya akitaka. Wengi hawakutaka. Waliolewa.

Ndefu kuliko zote ilikuwa na mafundo arobaini, na mwenyewe alikuwa keshapata watoto wawili. Yangu ilifika thelathini na nane. Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kunichukua. Yeye ndiye aliyekuwa kungwi, na sifa yake si ndogo: kina mama walimletea mabinti hata kutoka Tandahimba.

"Shangazi, ningoje wiki moja," nikamwomba.

"Nikungoje una nini?"

"Nimebakiza mafundo matatu niwapite wote."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Wenzio wanangoja mchumba, wewe unangoja korosho! Twende huko."

Nikaenda. Nilivyofundwa havisemwi hapa. Siku ya kutoka nilipakwa mafuta, nikavishwa kanga mpya, nikasimama mbele za watu macho chini, na shangazi akitembea kama amenizaa yeye. Kichwani mwangu nilikuwa nahesabu: thelathini na nane, matatu, arobaini na moja.

Siku ya kwanza kurudi bondeni kwenye chemchemi nilimwendea mtunza kamba, binti wa mama mdogo. Alikuwa mdogo kwangu lakini mdomo wake ulitangulia miaka yake.

"Nipe kamba yangu."

"Hii hapa mpya. Safi, haina hata kidonda."

"Ile ya zamani."

"Ya nani?"

"Unajua."

"Ninayoijua mimi ni ya kitoto kimoja, kimebaki unyagoni. Wewe ni nani wake?" Wasichana wakaangua kicheko. "Mwali mzima analilia mafundo! Kama ni yako, haya, taja jina."

Nikalitaja. Sikunong'ona, nililitaja kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina shuleni. Sitaliandika hapa, wajukuu zangu hawalijui.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja kwenye foleni akatua kibuyu chake, akauliza taratibu, "Nani kamfunda huyu?" Wasichana wakakusanya korosho zao. Binti wa mama mdogo akanitupia kamba miguuni kana kwamba inaunguza, akaondoka mbio. Nilibaki na uwanja mtupu.

Habari ilipanda mlima kabla yangu. Mama alinichapa mpaka mwiko ukavunjika. Shangazi hakunigusa. Makungwi wenzake walimtoza kuku, akawatoa. Msimu uliofuata mabinti walipelekwa kwa kungwi mwingine, na uliofuata huo vilevile. Hakuna aliyemwambia kitu. Walimpita tu mlangoni na mabinti zao, wakimsalimia vizuri.

Siku moja ngoma za unyago zikilia kwa jirani, nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa kizingitini anamenya njugu mawe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikakaa, nikachukua konzi moja ya njugu. Tulimenya sana. Halafu bila kunitazama akauliza:

"Hivi yalikuwa yamebaki mangapi?"

"Matatu."

"Uliyapata?"

"Walikimbia wote. Sikurusha."

"Hata moja?"

"Hata moja, shangazi."

Akatupa ganda uani, akanigeukia. Tangu siku ile hakuwa amenitazama usoni.

"Basi umeniponza bure kabisa," akasema. "Ungeyapata, walau ningekuwa na la kuwajibu."

Akasogeza ungo katikati yetu. Ngoma ziliendelea kule, nasi tukaendelea kumenya.