Kitufe cha Kikohozi

Wifi yangu ana ulimi wa asali, na asali hiyo nusura imkoseshe shahada.

Ni mke wa kaka yangu. Tunakaa wote pamoja na mama, ghorofa ya pili. Alifundisha Kiarabu sekondari miaka mingi, kisha, umri umeshapita arobaini, akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani, kati ya Kiarabu na Kiingereza. Tafsiri ya maandishi haikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni kibanda.

Kibanda ni chumba kidogo cha vioo nyuma ya ukumbi wa mikutano. Ndani hukaa wakalimani wawili, kila mmoja na hedifoni zake na kipaza sauti chake. Mjumbe anazungumza Kiarabu ukumbini, na mkalimani anamfuata papo hapo kwa Kiingereza bila kumsubiri amalize. Akichoka, mwenzake anampokea. Wifi alikuwa na kasi, na maneno hayakumwishia. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kumsema mtu vibaya, hata kwa niaba ya mwingine. Mjumbe akisema, "Mmetudanganya," wifi alisema, "Huenda hatukuelewana." Mwalimu wao, mama mfupi aliyezeekea vibandani, akampa jina la Sukari.

Mtihani wa mwisho wa kibandani akaanguka. Alipewa nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, angeondoka na cheti cha tafsiri peke yake, na kazi ya mikutano, aliyoiachia ualimu, angeisikia kwa wenzake.

"Sukari," mwalimu alimwambia, "unamtengenezea mzungumzaji adabu ambayo hakuja nayo."

Akamwonyesha kitufe kilicho chini ya kila kipaza sauti. Wanakiita kitufe cha kikohozi. Ukikishikilia, sauti yako haitoki nje. Unakohoa, unakiachia, unaendelea.

"Huruma yako ipeleke humo," mwalimu alisema. "Shika, sema lako, achia. Kisha mpe mwenye maneno maneno yake."

Nyumbani tukatafuta kizibo cha chupa kiwe kitufe. Mimi nilimsomea hotuba za Kiingereza, kwa matamshi yangu ya kidato cha nne, na yeye akazigeuza Kiarabu huku kizibo kiko mezani. Lakini hotuba zile zilikuwa za heshima tupu. Maneno makali tuliyapata kwa mama.

Juu yetu anakaa fundi cherehani, na mashine yake ilikuwa inanguruma juu ya kitanda cha mama kila mama anapojilaza mchana. Kwa muda mrefu mama alimtuma wifi na maneno ya kuchoma, na wifi alifikisha salamu. Hilo hakulijua mtu ila mimi. Jumamosi moja mashine ikaanza, na mama akaita kutoka chumbani:

"Mwambie huyo cherehani yake inanipasua kichwa! Kama masikio yake yamekufa, yangu bado hayajazikwa!"

"Haya, mkalimani," nilimwambia wifi. "Yapeleke hivyo hivyo."

"Wifi, unataka tufukuzwe nyumba?"

"Beba kizibo."

Tukapanda. Fundi alifungua mlango, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wifi akakibana kizibo kiganjani, akanong'ona, "Mungu nisitiri," kisha akalegeza vidole.

"Cherehani yako inanipasua kichwa. Kama masikio yako yamekufa, yangu bado hayajazikwa."

Fundi akamkodolea macho. "Wewe, mwalimu? Si mchana huwa uko chuoni?"

"Siyo mimi, ni mama. Kwenye kazi yetu, nikisema mimi, ni yeye."

"Sasa wewe mwenyewe uko wapi?"

Wifi akafungua kiganja. "Mimi nimo humu."

Fundi alishuka nasi mpaka mlangoni kwa mama. "Mama, kumbe una hasira na mimi? Mbona kila wiki naletewa salamu zako?"

"Salamu gani?" mama akauliza, akimtazama mkwewe.

Wifi akaangalia dari. Fundi alicheka mpaka akaketi bila kukaribishwa, na mama, aliyekuwa amekunja uso, akashindwa kuukunja zaidi. Siku ileile mashine ikahamishiwa ukuta wa pili, miguu yake juu ya blanketi kuukuu. Mama alilala mchana ule mpaka nikaenda kuchungulia kama anapumua.

Mtihani wa marudio ulifanywa kama mkutano wa nchi mbili zinazogombea maji ya mto, na ndugu waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma. Nilivaa hedifoni, nikamwangalia wifi kibandani. Mtahini mmoja, aliyeigiza ujumbe wa kwanza, alianza kwa upole, halafu akapiga meza na kupandisha sauti ya Kiarabu. Mkono wa wifi ukashuka. Midomo yake ilicheza, nami sikusikia kitu. Mwenzake kibandani akaziba mdomo kwa kiganja. Nikajua asali imerudi.

Halafu sauti yake ikaja kwa Kiingereza, kavu kama kuni: "Mmekuja hapa bila kufungua hata karatasi moja tuliyowatumia. Mnataka tuwafundishe kusoma?"

Mwalimu mfupi, aliyeigiza ujumbe wa pili, alikuwa na jibu lake limeandikwa tayari. Akalisukuma kando. Akajibu kwa maneno yake mwenyewe, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka mtahini aliyempiga dongo akavua hedifoni kidogo kama zinamuunguza.

Wifi alifaulu. Mwalimu alitukuta nje ya ukumbi, bado uso umemuiva.

"Nilikasirika kweli," alisema. "Nikasahau kuwa maneno yale tuliyaandika wenyewe. Sasa niambie, Sukari, uliposhika kitufe ulisema nini?"

Wifi akainamisha kichwa.

"Nilikuomba radhi, mwalimu. Kwa yale niliyokuwa naenda kukwambia."