Mama Odile Alivyofumua Soksi ya Jirani Ili Ajue Kisigino

Saa moja kasorobo asubuhi, chai haijapoa kikombeni, na Mama Odile amekwisha kuhesabu wateja watatu. Hakuna hata mmoja aliye wake.

Wote wameteremka kwenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, mbele ya nyumba inayotazamana na yake hapa Kabondo, Kisangani. Mmoja ana mimba iliyokomaa, anatembea amejishika kiuno. Odile ameketi barazani na sindano nne za kufumia. Vidole viko kazini, macho yako ng'ambo ya njia.

"Ona ule na tumbo yake," ananong'ona. "Amepita hapa, amenisalimia vizuri, bonjour Mama, halafu anaenda kwa nani? Kwa Benie! Mimi hapa niko muti?"

Ukimuuliza kama ana wivu, hazungushi maneno.

"Niko nayo. Nikudanganye juu ya nini? Iko mingi, naweza kugawia watu wa parcelle yote, nyumba kwa nyumba, na ikabaki."

Odile ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akifuma layeti, yaani kofia, sweta na soksi za mtoto mchanga. Mgeni wa mji atacheka: soksi za sufu katika joto hili? Acheke tu. Wateja wa Odile hawatoi mtoto wodini miguu wazi, mvua inyeshe isinyeshe. Baridi, wanasema, huingilia unyayoni.

Sweta zake zinasifiwa. Kofia zake, usiseme! Taabu ilikuwa miguuni. Odile alijua kufuma kwa sindano mbili tu: kipande bapa, kisha anakishona pembeni. Soksi zake zilikuwa vifuko vya kufunga kwa utepe. Mtoto akipiga teke mara mbili, kifuko kiko chini.

Soksi ya Benie ina kisigino. Inafumwa kwa mviringo, kwa sindano nne, na ikivaliwa inatulia. Layeti ya Benie inauzwa faranga elfu thelathini. Ya Odile elfu kumi na nane, na bado mteja anaomba apunguziwe. Zamani Odile aliuza nne kwa wiki. Siku hizi akiuza moja anamshukuru Mungu.

Lakini si faranga zinazomchoma. Benie, ambaye sasa ana miaka ishirini na tisa, alijifunza kufuma kwenye baraza hii hii. Alikuja hajui hata kushika sindano. Odile alimfundisha miaka minne bila malipo, wakila pondu, yale majani ya muhogo, sahani moja. Kisha Benie akaenda Isangi kumtembelea shangazi yake, na huko mama mmoja wa parokia akamwonyesha kisigino. Akarudi kwa boti, akafungua kazi yake ng'ambo ya njia. Miaka miwili ikapita, na hakuvuka hata siku moja kumwonyesha mwalimu wake.

"Angekuja tu akasema, Mama, ona, nimejua kitu," Odile anasema, na sindano zinasimama. "Kweli ya Mungu, ningepiga kelele ya furaha. Alikuwa mutoto wangu, ule."

Mwezi wa tatu mwaka huu ndipo maji yalipomfika shingoni. Élise, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza. Katika ukoo wao, mjukuu wa kwanza hutoka wodini amevaa nguo zilizofumwa na bibi mzaa mama. Jioni moja, wakichambua mchele, Élise akasema kwamba amekwisha kuagiza layeti kwa Benie.

"Mimi niliyekuzaa niko hai, wewe unaenda kwa Benie?"

"Mama, usikasirike. Chaussettes zako zinatoka muguuni."

Odile hakula usiku huo. Kesho yake Élise alimwonea huruma, akampa nafasi: kama mama yake atafuma jozi moja yenye kisigino kabla mtoto hajatoka wodini, mtoto atavaa soksi za bibi yake. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Njia fupi ilikuwa kuvuka barabara na kuuliza. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Odile methali hiyo anaijua vizuri sana. Hakuvuka.

"Kwenda kupiga magoti kwa mutoto niliyemufundisha mimi? Afazali mujukuu wangu avae karatasi!"

Akaenda kwa Papa Faustin, fundi baiskeli, akamwomba spoki nne za kutengenezea sindano. Faustin alizikata urefu wa shibiri, akazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini, akauliza kama Mama anaunda baiskeli ya panya. Odile alimlipa, hakucheka.

Kisha akachukua daftari la shule akapanga kazi ndogo ndogo, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Wiki ya kwanza ilikuwa ya koti la chupa ya maziwa, ambalo ni mviringo mtupu, ili mikono izoee sindano nne. Wiki ya pili alifuma kofia ya mwanasesere, apate kujua namna ya kupunguza vitanzi mpaka ncha ifunge. Wiki ya tatu aliandika "kisigino", na mbele ya neno hilo akaweka alama ya kuuliza. Alikuwa hajui hata pa kuanzia.

Hapo ujanja ukamjia. Alimtuma jirani yake, Colette, akanunue jozi kwa Benie, kimya kimya. Akafunga mlango, akakaa kitandani, akaanza kufumua soksi moja mstari kwa mstari, huku akiandika daftarini kila mstari una vitanzi vingapi. Ilimchukua siku mbili. Soksi ikaisha, akabaki na donge la sufu na kurasa tano za hesabu.

Akafuma kama alivyoandika. Kikatoka kitu!

"Bon, sijui nikiite nini. Pua ya nguruwe, labda."

Alikitupa chini ya kitanda. Akamlaani Benie, akamlaani shangazi wa Isangi, akailaani na boti iliyomrudisha. Siku ya tatu, akiwa anamenya ndizi, akaacha kisu. Soksi hufumuliwa kuanzia pale ilipoishia! Yeye alikuwa ameandika kutoka vidoleni kwenda juu, na Benie alifuma kutoka juu kwenda vidoleni. Daftari lilitakiwa kusomwa kinyumenyume, mstari wa mwisho kwanza.

"Nilijicheka mupaka Colette akakuja kuuliza kama kuna musiba."

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Odile hulisimulia kwa utamu wa mtu anayelamba kijiko. Wakati wa kufumua, uzi ulikwama mara mbili penye kona, pale kisigino kinapokutana na wayo. Akachungulia. Palikuwa na kiraka kidogo cha uzi. Benie alikuwa ameacha tundu, halafu akaliziba kwa sindano ya kushonea.

"Tundu! Benie iko na tundu!" anapiga paja. "Nilicheza peke yangu mule chumbani, bila muziki."

Hakuishia kucheza. Alihangaika na kona hiyo zaidi ya wiki nzima mpaka akaipatia dawa: kuokota kitanzi kimoja zaidi pale pembeni, na katika mstari unaofuata kukifuma pamoja na kitanzi kilicho jirani. Tundu likafa.

Élise alishikwa na uchungu siku tano kabla ya siku aliyotajiwa. Odile alikuwa na soksi moja kamili, na nyingine imefika kisiginoni. Alizibeba hivyo hivyo. Mtoto wa kike alizaliwa saa tatu asubuhi, na wauguzi wakasema mama na mtoto wangetoka kesho yake. Odile akaketi kwenye benchi uani, akafuma. Na nani akaja kuketi pembeni yake? Benie, ameleta layeti iliyoagizwa.

Kisha Benie akaomba kuiona ile soksi iliyokamilika. Aliigeuza ndani nje, akapeleka kidole moja kwa moja kwenye kona.

"Mama, tundu iko wapi?"

"Tundu gani?" Odile akajibu, uso mkavu.

"Mimi kila mara ninaiziba. Wewe umefanya je?"

"Alors, wewe ulipojua kisigino, ulikuja kunionyesha?"

Benie akainamisha kichwa. "Niliogopa, Mama. Niliogopa wivu yako."

"Uliogopa sawasawa," Odile akasema, akainyakua soksi yake.

Benie akajitolea kumalizia mguu wa pili. Odile akauvuta uzi upande wake. Aliendelea kufuma peke yake, na kitanzi cha mwisho alikifunga kesho yake, wakati Élise anakunja kanga zake.

Mjukuu akatoka amevaa soksi za bibi yake, moja imefika karibu na goti, nyingine imeishia kwenye kifundo. Lakini hazikutoka mguuni. Kichwani alikuwa na kofia ya Benie, na ndugu waliokuja kupokea walisifu nini? Kofia!

"Kofia ile nilimufundisha mimi!" Odile anasema, na hasira yake bado mbichi.

Siku chache baadaye Benie alivuka njia. Alisimama mbele ya baraza, sindano zake mkononi, akaomba aonyeshwe kona. Odile akampa hukumu yake.

"Ulinificha kisigino miaka miwili. Mimi nitakuficha kona wiki mbili. Halafu uje."

Wiki hizo mbili zinakwisha Jumamosi hii. Habari ya kisigino cha Odile haijaenea bado, lakini mipango imo daftarini: layeti kumi zenye soksi kamili kabla ya mwezi kwisha, na bei ipande hadi elfu thelathini na moja, ili ipite ya mtu fulani, hata kama ni kwa elfu moja tu.

Kwenye kikapu chake kuna madonge mawili mapya ya sufu, jeupe na jekundu la kukoza. Hakuna mteja aliyeagiza rangi hizo. Anapoulizwa ni za nani, anayafunika kwanza kwa kitambaa, kisha anaona hakuna haja.

"Za Jumamosi. Ukifundisha kona na rangi moja, mutu haoni kitanzi inapita wapi," anasema. "Nataka aone vizuri. Safari hii sitaki aende kuuliza Isangi."